Mbegu Alizochagua Bibi Damari

Enzi zile tukiwa watoto pale Kongwa, majira tuliyajua kwa pua. Mwezi wa tano kijiji kizima kilinuka karanga mbichi zilizotoka kung'olewa, maganda yakiwa bado yameshika udongo. Mwezi wa nane ilikuwa zamu ya vumbi na samadi kavu. Ikifika mwezi wa kumi na moja, upepo ulituletea harufu ya mvua inayonyesha mbali, upande wa milima ya Mpwapwa, mvua ya watu wengine, nasi tukasimama uani na midomo wazi kama vifaranga.

Shule tulikwenda pekupeku, mkono mmoja ufagio wa majani, mkono mwingine kidumu cha maji ya kumwagilia bustani ya mwalimu. Mifukoni tulikuwa na karanga za kukaanga, na mwalimu wetu wa darasa la nne hakuhitaji kukagua mfuko wa mtu, alinusa tu. "Nani anatafuna?" anauliza akiwa ameelekea ubaoni, na darasa zima linameza kwa pamoja. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka mama zetu walipoanza kutuita kwa majina yetu ya ubatizo, dalili kwamba hasira imefika. Leo binti yangu Neema, anayesoma chuo kikuu hapa Dodoma, Chimwaga, anaamini karanga huzaliwa ndani ya pakiti, tayari zikiwa na chumvi. Nilipomwambia zinang'olewa ardhini alichukua simu kwanza ahakikishe kama mama yake hamdanganyi.

Nyumbani tulikuwa watano. Baba alifanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe na alirudi Jumamosi. Mama ndiye aliyeshika nyumba na shamba. Kaka yangu Yona alinitangulia miaka miwili. Mimi ni Tabitha. Na wa tano, aliyekuwa wa kwanza kwa kila kitu, ni Bibi Damari, mama yake Baba.

Bibi Damari alikuwa mwembamba, mrefu, na vidole vyake vilikuwa virefu kupita kiasi. Kwa vidole hivyo alijulikana. Watu walitoka hata vijiji vya jirani kuja kuchukua kwake mbegu ya karanga. Karanga za mbegu hazibanguliwi mapema. Hukaa na maganda yake ndani ya kihenge mpaka mvua inapokaribia, ndipo zinapobanguliwa na kuchaguliwa moja moja. Bibi alikaa chini na ungo mapajani, miguu ameinyoosha, na vidole vikawa vinakwenda vyenyewe huku yeye anazungumza na mtu mwingine kabisa. Nzima huku, iliyosinyaa kule, iliyotobolewa na mdudu kule, iliyochubuka ngozi kule. Iliyochubuka ilimuudhi kuliko zote. "Hii haioti," alituambia. "Ukiipanda inaoza. Karanga ni kama mtu, huwezi kuizika bila nguo ukategemea itafufuka." Alikuwa mtu wa kanisani, mifano yake yote ilitoka huko.

Sasa sikumbuki ni lini hasa alianza kutoka mikononi mwetu. Mambo haya hayana siku ya kuanza. Nakumbuka mlenda uliotiwa chumvi mara mbili, na Yona akanywa maji kata nzima bila kusema kitu kwa sababu Mama alikuwa anamtazama. Nakumbuka Bibi akiniita Mele, jina la dada yake aliyefariki kabla Baba hajazaliwa. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nikaona jinsi alivyonikumbatia, nikanyamaza. Kisha akaanza kuuliza kama ng'ombe wamerudi, ilhali zizi letu lilikuwa na mbuzi watatu tu na ng'ombe walikufa kwa ukame zamani.

Enzi hizo hapakuwa na mtu aliyejua jina la ugonjwa. Watu wazima walisema "mama amezeeka akili", basi, wakaendelea na mazungumzo mengine. Wengine walinong'ona mambo ya kurogwa, lakini si mbele ya Mama.

Siku moja tuliporudi kutoka shule hatukumkuta. Kigoda kipo, fimbo ipo, Bibi hayupo. Mama alikuwa amekwenda kisimani na akiwa anatua ndoo akauona mlango wa chumba cha Bibi uko wazi, maji yakamwagika yote. Tulimtafuta kwenye mashamba, kanisani, mtoni ambako hakukuwa na maji bali mchanga. Wachunga mbuzi ndio waliomrudisha. Walimkuta njia ya Kibaigwa, jua la saa nane likiwa utosini, amebeba kifurushi cha kanga, anakwenda kuolewa. Hivyo ndivyo alivyowaambia. Miguu yake ilikuwa imepasuka na midomo imekauka mpaka ikachanika.

Baada ya siku hiyo Mama akawa mtu wa hofu. Akaficha panga na jembe. Akamkataza Bibi kukaribia moto. Akamwondolea kinu, akamwondolea kata, akamwondolea hata ufagio kwa sababu siku moja alifagia mpaka nje ya ua na kuendelea na barabara. Kila Bibi alipoinuka, mtu mmoja kati yetu alisema, "Kaa, Bibi. Pumzika." Tulisema kwa mapenzi. Hata jirani zetu walisema hivyo wakipita kumsalimu. "Mbukwa, Mama. Pumzika tu, umefanya kazi ya kutosha."

Na yeye akakaa. Alikaa akitazama mikono yake. Kisha mikono ikaanza kusugua pindo la kanga, asubuhi mpaka jioni, mpaka pindo likaisha na nyuzi zikaning'inia. Akakonda. Akawa analia bila sauti, machozi tu, na ukimuuliza anasema, "Nimekosa nini kwenu?" Mama alidhani ni ugonjwa umezidi. Sote tulidhani hivyo.

Jumamosi moja, Baba hajafika bado, Mama alikuwa anachambua karanga za kupika, zile zilizobaki za kiangazi, akaitwa na mtu nje ya ua. Aliuacha ungo juu ya mkeka. Aliporudi alimkuta Bibi ameuweka mapajani, miguu ameinyoosha, vidole vinakwenda. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa Kigogo, chini kwa chini. Mama alisimama na mkono mdomoni. Akatuita kwa ishara tuje tuone, tukaja, tukasimama watatu kama watu wanaotazama ndege wakichelea asiruke.

Tangu siku hiyo Bibi alipewa ungo kila asubuhi. Akaanza kula. Akaacha kuulizia ng'ombe. Akilala usingizi wa mchana, alilala kweli, kama mtu aliyetoka shambani.

Lakini nyumba yetu haikuwa na karanga za kuchambuliwa kila siku. Ndani ya wiki moja ziliisha. Hapo ndipo Mama alipotuita mimi na Yona nyuma ya jiko na kutupa kazi. Kila jioni, wakati anampeleka Bibi kuoga, sisi tuchukue karanga alizozichagua, nzuri na mbovu, tuzichanganye tena kwenye ungo. Asubuhi ataanza upya.

"Hatajua?" niliuliza.

"Hakumbuki cha asubuhi ikifika jioni, mwanangu," Mama alisema. "Na si vibaya. Tunamfurahisha."

Kwetu sisi ulikuwa mchezo. Yona alikoroga kwa mikono miwili kama anayesonga ugali wa msiba, mimi nikishika mlango nisikilize kata ya maji. Tulicheka mpaka tukabana midomo. Tulifanya hivyo wiki, wiki mbili, mwezi. Karanga zilezile. Ukizitazama vizuri ungeona zimeanza kung'aa kwa kushikwa, na ile ngozi yake nyekundu inabanduka na kubaki kwenye mkeka kama magamba ya samaki.

Bibi alikuwa anaziona vizuri kuliko sisi.

Siku moja nikamkuta ameshika karanga moja ameiinua kwenye mwanga. "Imechubuka," aliniambia. "Na hii. Na hii. Jana sikuona zote hizi." Nikamwambia labda ni joto. Siku iliyofuata akamwambia Mama, "Mama Yona, kuna mtu anaingia hapa anaharibu mbegu."

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo. Kila nikichagua, naye anachubua. Mwaka huu watoto watakula nini?"

Mama alimbembeleza, akampa uji, akadhani yataisha. Hayakuisha. Bibi akaanza kuulinda ungo. Alikataa kuinuka kwenda kula. Alikataa kuoga. Alikaa ameufunika kwa kanga, anageuza shingo huku na huku, na jirani akipita kusalimia anamtazama kama mwizi. Usingizi ukampotea. Ile amani yote iliyokuja na ungo ikageuka kuwa vita, na mwizi aliyekuwa akimwogopa tulikuwa sisi wenyewe, wajukuu wake.

Ningependa kusema nilikwenda kwa Mama nikamwambia tuache. Sikwenda. Nilikuwa na miaka kumi na niliogopa kuharibu kitu ambacho watu wazima wamekipanga. Siku Mama alipofaulu kumshawishi Bibi akaoge, nilikimbilia ungo kama kawaida. Yona alikuwa ametumwa dukani. Nilikuwa nimemimina zile mbovu juu ya zile nzima na mkono wangu uko ndani, nakoroga, niliposikia mtu anapumua. Bibi alikuwa mlangoni. Alikuwa amesahau kanga yake ya kujifutia, amerudi kuichukua.

Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni.

"Tabitha," alisema.

Ilikuwa miezi mingi hajaniita jina langu. Miezi mingi nilikuwa Mele. Siku hiyo, nikiwa na mkono ndani ya ungo, ndipo aliponijua.

Nikaanza kulia. Mama akaja nyuma yake na kopo la maji mkononi, akaona yote kwa mara moja. Akataka kusema mtoto anacheza tu. Nilimwona akifungua mdomo aseme hivyo, kisha akaufunga.

"Mimi ndiye niliyewatuma, mama," alisema.

Bibi alikaa chini taratibu kwenye kizingiti. Alikaa muda mrefu, maji yakimchuruzika shingoni, nami nikadhani ameshasahau. Kisha akasema maneno ambayo Mama aliyarudia miaka yote iliyofuata, kila alipozungumza habari za Bibi.

"Mkwe wangu, kazi ikiisha niambie imeisha. Nitakaa. Lakini usinipe kazi ya uongo. Mimi si mtoto."

Mama alipiga magoti pale pale kwenye udongo uliolowa. Aliomba msamaha kama watu wanavyoomba kanisani, bila kujieleza. Bibi alimwekea mkono kichwani. Siku mbili zilizofuata hakuugusa ungo. Mama zile karanga alizipeleka kwa kuku.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo sasa nikiwa mtu mzima. Bibi alisahau jina la mwanawe. Alisahau mumewe amekufa, tukawa tunamfisha upya kila alipouliza, mpaka tulipojifunza kumjibu tu kwamba hajarudi. Lakini kudharauliwa hakukusahau. Kesho yake hakujua tena ni nani aliyemkosea wala kwa nini, ila uso wake uliendelea kuwa wa mtu aliyekosewa.

Siku ya tatu Mama alivaa kanga yake nzuri akaenda kwa majirani. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua imeshanukia, na kila nyumba ilikuwa na karanga za mbegu zinazongoja kubanguliwa. Alikwenda kuomba kazi. Si kwa ajili yake.

Wengi walisita, na sikuwalaumu hata wakati ule. Mbegu si mchezo. Mtu akikuchagulia vibaya, unapalilia shamba lililo na mapengo, na kiangazi kinachofuata watoto wako wanalala na uji mwembamba. Mama Stefano, jirani yetu wa upande wa kisima, alikuwa mjane mwenye watoto wanne na hana gunia la akiba. Alisema wazi, "Mama Yona, nampenda bibi yetu. Lakini atachanganya. Halafu mimi nifanyeje?"

"Atachagua, nami nitakaa naye," Mama alisema. "Sitarudia kazi yake kwa siri. Tutafanya pamoja, mbele yake."

Mama Stefano alileta nusu debe. Nusu debe tu, ya kujaribu. Aliiweka mbele ya Bibi, akachutama kwa heshima, akasema, "Shikamoo, mama. Mvua inakaribia na mimi ni mmoja, sijamaliza. Nisaidie."

Bibi aliitazama ile nusu debe. Kisha akanyoosha miguu. "Lete ungo," alisema.

Kazi yangu ikawa kukaa naye kila nikitoka shule. Mama alinipa masharti. Nisimwambie umesahau. Nisimnyang'anye kitu mkononi. Nikiona ameweka mbovu kwenye nzima, nisiitoe, nimuulize. "Bibi, hii vipi?" Naye anaichukua, anaipapasa, anasema, "Aa, hii hapana, ona kitumbo chake kimebonyea," kama vile yeye ndiye anayenifundisha. Na kweli alikuwa ananifundisha. Yale niliyoyajua juu ya mbegu niliyajua mwezi ule, kwa mwanamke ambaye asubuhi hakujua yuko kwenye nyumba ya nani.

Siku nyingine hakuweza. Aliamka ameshika njia, anataka kwenda kwao, analia. Siku hizo Mama hakumlazimisha. Alitembea naye tu mpaka mwisho wa mashamba, wakarudi. Siku nyingine alichagua vizuri asubuhi, mchana akaanza kula mbegu za watu, tukacheka sote hata yeye. Sitaki kusema ungo ulimponya. Haukumponya. Ila siku za kufanya kazi zilikuwa siku zake, na hizi nyingine zilikuwa za ugonjwa.

Nusu debe ilirudi kwa Mama Stefano. Siku iliyofuata akaleta debe lililojaa. Wengine wakafuata. Uani kwetu pakajaa wanawake, kila mmoja na ungo wake, kwa sababu walipoleta karanga waliona aibu kuondoka wakaketi kusaidia, na walipoketi maneno hayakuisha. Bibi alikaa katikati. Mtu akianza hadithi ya zamani na kukosea jina la mtu, Bibi ndiye aliyemsahihisha.

Mvua ilinyesha katikati ya mwezi wa kumi na mbili, ya kweli, iliyopiga paa la tembe letu mpaka tukaweka masufuria chini ya matundu. Tulipanda. Kisha tukangoja, na siku zile za kungoja Mama hakula vizuri. Alipita shambani kwa Mama Stefano kila asubuhi akijifanya anatafuta mboga.

Siku ya nane au ya tisa Mama Stefano alikuja mbio, tope mpaka magotini. Alimpita Mama bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa Bibi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, zimeota! Mstari mzima, hakuna pengo!"

Bibi alimtazama kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za ukoo mwingine. "Zimeota? Tumshukuru Mungu. Mbegu ya nani hiyo?"

"Yako, mama. Umenichagulia wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Halafu akajinyoosha mgongo. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyokuwa mrefu.

Aliishi miaka mitatu tena. Mwaka wa pili vidole vilipunguza kasi, akawa anabangua tu, sisi tunachagua. Mwaka wa tatu akawa anapokea tu ungo tuliokwisha kuumaliza, anaushika kidogo, kisha anaurudisha. Alifariki kiangazi, mchana, akiwa uani na watu. Aliyemshika kichwa ni Mama, mkwe wake.

Sasa Mama ndiye anayesahau.

Anaishi kwangu, hapa mjini Dodoma. Daktari ametupa jina la ugonjwa, na karatasi, na dawa. Nina nyumba yenye vigae na geti. Nilipomleta nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilimnunulia kiti cha kuegemea na televisheni kubwa, nikamwambia, "Mama, umeteseka vya kutosha. Hapa hutafanya kitu." Unga unakuja umeshasagwa. Mchele wa Bahi unakuja hauna hata jiwe moja. Maji yako bombani siku yakiwepo, na yasipokuwepo yako kwenye tangi. Baada ya miezi miwili nikamkuta ameketi kwenye kile kiti, televisheni inazungumza peke yake, naye ananiuliza kwa sauti ndogo kama amekosea nini hata amefungiwa.

Nilikwenda chumbani kwangu nikalia. Mimi, Tabitha, wa kuambiwa hayo.

Tulijaribu vingi. Neema alimletea vipande vya picha vya kupanga, vya watoto, vyenye rangi kali. Mama alivisukuma kwa ncha ya kidole. Kilichomfaa kilitoka kwake mwenyewe. Siku moja alimkuta Neema anatupia nguo kwenye mashine, akachomoa blauzi nyeupe, akaikagua shingoni, akasema, "Hii itatakataje humo bila mkono?" Enzi za nguvu zake Mama alifua kwa namna ambayo Baba alijulikana ranchi nzima kwa kola zake. Nikamtolea beseni uani, na kigoda, na sabuni ya mche. Tangu hapo nguo za nyumba hii anafua yeye, na yeyote aliyepo anakaa naye kusuuza. Blauzi za Neema mara nyingine zinabaki na mstari mweupe wa sabuni. Mwanzoni alinung'unika. Wenzake chuoni walipomuuliza, akasema ni bibi yake anayemfulia, na nasikia walimwonea wivu.

Mwezi uliopita Yona alikuja. Anafanya kazi ofisini huko Mwanza, amenenepa, ana mvi. Aliingia uani moja kwa moja kutoka safarini na kumkuta mama yetu ameinama kwenye beseni, povu mpaka viwikoni. Akabadilika rangi.

"Tabitha, unamfulisha mama?"

"Simfulishi. Anafua."

"Umri huu! Watu watasema hatuna uwezo." Akamsogelea, akashika beseni. "Mama, acha. Inatosha, pumzika."

Mama aliinua uso. Alimtazama mwanawe wa kwanza kwa muda, na nikaona kabisa kwamba hamjui.

"Kijana," alisema, "hebu vua shati hilo. Kola imechafuka."

Yona alisimama. Alinitazama, nami sikumsaidia. Kisha mtu mzima yule, mkuu wa watu ofisini kwake, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja. Akamkabidhi shati kwa mikono miwili, akabaki na singlendi katikati ya ua. Mama aliloweka kola, akaipaka sabuni, akaanza kuisugua kwa vifundo vya vidole. Yona akavuta ndoo, akakaa chini kumsuuzia.

"Kwenu wapi?" Mama alimuuliza.

"Kongwa, mama."

"Kongwa kwa nani?"

"Kwa Mama Yona."

Mama aliacha kusugua. Uso wote ukafunguka. "Namfahamu," alisema. "Mchapakazi sana yule."

"Sana," Yona alisema, akageukia ndoo.

Huwa nalinganisha enzi zile na hizi, ingawa najua si haki, maana tulikuwa na njaa ambazo Neema hazijui, na Bibi Damari hakuonana na daktari hata siku moja. Sitaki kurudi kwenye paa linalovuja. Lakini Mama alipokwama aliweza kuvaa kanga yake akaenda kwa jirani kumwombea mkwe wake kazi, na jirani akaja na debe lake, akakaa. Mimi ningekwenda wapi? Mtaa wetu ni wa watu wema kutoka kila mkoa, tunasalimiana tukiwa ndani ya magari. Wazee wapo, nawaona Jumapili wakishushwa kanisani, lakini siku za wiki sijui wanakaa chumba gani. Jumamosi, Mama akiwa kwenye beseni lake, mageti yote yamefungwa, na upande wa pili wa ukuta nasikia mashine ya mtu ikizungusha nguo.